Lita Moja, Kilomita Ishirini na Mbili

Shemeji yangu ni mtu anayeamini karatasi. Amemwoa mdogo wangu wa pekee, na kwa miaka kumi na tisa amefanya kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, chumba kirefu chenye harufu ya wino na gundi. Kazi yake ni kupanga kurasa za matangazo na kuzisoma mara ya mwisho kabla hazijapigwa chapa. Amepitisha kwa mkono wake tangazo la mafuta ya kuotesha nywele, na upara wake unameremeta tangu akiwa na miaka thelathini. Amepitisha tangazo la magodoro yanayoponya mgongo, na kila akiinuka kwenye kiti lazima ashike kiuno. Ungedhani mtu anayepika uongo kutwa nzima atakuwa wa mwisho kuula. Wapi! Anausoma, anauwekea nukta na mkato, kisha anaumeza mzimamzima.

Mimi ni mkaguzi wa vipimo. Naingia kwenye vituo vya mafuta na kopo langu la chuma la lita ishirini, lenye shingo nyembamba na alama zilizochongwa pembeni. Namwambia mhudumu atie lita ishirini kwa hesabu ya pampu yake, halafu tunainama pamoja kuangalia mafuta yamesimama wapi. Yakisimama chini ya alama, pampu naifunga kwa waya na muhuri wa risasi, na mwenye kituo anaweza kumpigia simu amtakaye. Nimesikia visingizio vya kila rangi: joto, baridi, mpira mpya, mhudumu mgeni. Mtu akiniambia chombo chake kimejipima chenyewe kikajiona sawa, mimi hucheka tu.

Basi huyo shemeji akanunua gari. Lilikuwa moja ya zile krosova ndogo, yaani gari la kawaida la kwendea sokoni lililonyanyuliwa kidogo na kuvishwa plastiki nyeusi juu ya magurudumu ili lionekane limetoka kupambana na pori. Pori lenyewe halijawahi kuliona. Ndani ya kisanduku cha mbele alikuta kijitabu cha matangazo, na ukurasa wa sita uliandikwa kwa herufi nene kwamba gari hilo linakwenda kilomita ishirini na mbili kwa lita moja ya mafuta, katika hali ya kawaida. Alikisoma chote usiku ule. Alikuta kosa moja la herufi ukurasa wa nne, akalizungushia kalamu nyekundu kwa mazoea, na yaliyobaki yote akayaamini.

Tangu hapo hakuwa na salamu nyingine. Ukimuuliza habari za nyumbani, anakwambia nzuri, ishirini na mbili kwa lita. Ukimpa pole ya msiba, atakushukuru, atainamisha kichwa, kisha atakueleza kwamba amefika msibani kwa lita mbili tu. Majirani wakampa jina, Ishirini na Mbili. Yeye akalipokea kama cheo. Wenzake kiwandani wakimwita hivyo anageuka polepole, tabasamu tayari, na hajui kwamba nyuma yake wanakunja shingo kwa kicheko.

Ili namba yake isiharibike aliweka sheria. Kiyoyozi marufuku. Madirisha yafungwe, kwa sababu upepo unavuta gari nyuma, basi watoto wake wawili walikuwa wanashushwa shuleni wamelowa jasho. Jeki na tairi la akiba aliyatoa akayaweka chini ya kitanda ili kupunguza uzito. Siku moja binti yake mkubwa alinipigia simu analia.

"Mama mkubwa, baba amenitolea kamusi kwenye begi. Anasema nzito."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nikamwambia tuna mtihani. Akasema maneno muhimu nimeshayajua."

Huyo ndiye mwanamume aliyemwoa mdogo wangu. Nilimwambia mapema, mdogo wangu, huyu debe tupu. Akasema ana moyo mzuri. Sikatai. Hata mlango una bawaba nzuri.

Mdogo wangu mwenyewe ni mtu wa maabara. Miaka kumi na minne alikaa kwenye benchi moja la hospitali ya mjini akitazama damu za watu kwa darubini, akifundisha vijana ambao baadaye walikuja kuwa wakubwa wake. Kisha mwaka ule ule wa gari akapata barua. Anateuliwa mkuu wa maabara katika hospitali mpya, kule juu mlimani, kilomita sitini na tano kutoka kwao. Alinisomea barua ile kwenye simu mara mbili, na mara ya pili sauti ilimkatika katikati.

Jumapili moja tukaenda wote kuiona hospitali hiyo. Asubuhi shemeji alijaza tangi katika kituo cha karibu na kwao, akatikisa gari kwa makalio ili mafuta yashuke vizuri, kisha akautazama mkoba wangu.

"Shemeji, huo mkoba ni lazima?"

"Kama kichwa chako," nikamjibu, nikapanda.

Njia inapanda mlima kwa muda mrefu, halafu inakuwa tambarare hadi hospitali. Tulipokuwa tunarudi, pale kileleni, kabla ya kuanza kuteremka, alisimamisha gari pembeni. Akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe kwenye dashibodi, skrini ikafuta hesabu yote ikaanza sifuri. Kisha tukateremka. Gari lilishuka lenyewe kama jiwe, mguu wake haukugusa kitu, na tulipofika kituo kile kile cha asubuhi skrini iliandika ishirini na mbili nukta moja.

Mdogo wangu na watoto waliingia dukani kununua maji. Mimi nilibaki kwenye pampu, kwa sababu pampu ile niliikagua mwenyewe Jumatano iliyotangulia na najua haidanganyi. Mhudumu alijaza tangi mpaka bomba likajikata. Lita kumi na moja na pointi nane. Kwenda na kurudi, kilomita mia moja thelathini. Hesabu hiyo hata haihitaji vidole. Ni kumi na moja kwa lita, nusu ya kijitabu.

"Umeona, shemeji?" akasema, anapigapiga skrini kwa kucha. "Ishirini na mbili. Tena na pointi."

"Pale juu unafuta kwa nini?"

"Kupanda mlima si hali ya kawaida. Kijitabu kinasema hali ya kawaida."

"Na kuteremka?"

"Kuteremka ni barabara."

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Nikafungua mdomo nimpe ile kumi na moja. Lakini kicheko kilimchoma, akapaza sauti wasikie na wenye magari mengine.

"Shemeji, wewe nenda kakague pampu zako. Mambo ya gari waachie wenye gari."

Mimi sina gari. Kazini napanda pikapu ya idara, nyumbani naenda kwa miguu. Dereva mmoja akacheka. Mhudumu naye akacheka, mhudumu yule yule ambaye nikiingia na kopo langu hunyoosha shati na kunitafutia kiti. Uso uliniwaka moto mpaka masikioni. Nikafunga mdomo wangu, na ile kumi na moja nikaimeza. Nikasema moyoni, vizuri, bwana mkubwa, njia ya mwongo fupi, tutakutana mbele.

Wiki iliyofuata ikaja karatasi ya pili kutoka hospitali. Kazi ile ilikuja na nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya maabara, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Mdogo wangu alitakiwa kuandika anaikubali au anaikataa, ndani ya siku kumi na nne. Akiikataa, anapewa mtumishi mwingine na yeye haulizwi tena. Nilikuwepo sebuleni siku ile, nimekaa kwenye kiti cha dirishani, kikombe cha chai mkononi.

Shemeji aliisoma karatasi, akaikunja kwa ukingo ulionyooka kama anavyokunja za kiwandani, akaiweka mezani.

"Ya nini kuhama?" akasema. "Kwa gari letu, kwenda na kurudi ni lita sita. Lita sita! Tung'oe watoto shule, tubebe vitanda, kwa ajili ya lita sita?"

Lita zilikuwa kumi na mbili, na mle chumbani nilikuwa najua peke yangu. Na nilijua pia lile asilolisema. Hakuweza kuishi katika nyumba iliyoandikwa jina la mkewe. Kiwandani wangemuuliza siku hizi unakaa wapi, angejibu nini? Namba ya ukurasa wa sita ilikuja kumsitiri.

Mdogo wangu alikuwa anaitaka nyumba ile. Alikuwa ameshapima madirisha kwa macho. Akanigeukia.

"Dada, wewe unaonaje? Wewe ndiye mtu wa hesabu hizi."

Nikanywa funda moja. Nikasema, "Mimi mtu wa pampu. Mambo ya gari waulize wenye gari."

Shemeji alitabasamu, alidhani nimesalimu amri. Mdogo wangu alinitazama kidogo zaidi, kisha akachukua kalamu akaandika kwamba haihitaji. Na mimi, nasema kweli, chai ile niliiona tamu. Nilikuwa namwona mtu anajichimbia shimo kwa madaha, na nilitaka kuwa mstari wa mbele siku ya kutumbukia.

Nilichosahau ni nani atakayekuwa nyuma ya usukani. Kiwanda cha shemeji kiko mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Gari lilikuwa la mdogo wangu kila siku, alfajiri kupanda, jioni kuteremka. Nyumba ile walipewa mfamasia na watoto wake wanne.

Mwezi wa kwanza tangi lilikunywa nusu ya mshahara wake. Shemeji aliamriwa na nani sijui, lakini kila jioni alikuwa anatoka na ndala zake hadi kwenye gari kusoma skrini kabla mkewe hajashusha mkoba. Alikuwa amemkataza kugusa kitufe, kwa hiyo skrini ilikuwa inahesabu kupanda na kushuka, yote. Ikaandika kumi na mbili. Skrini nayo hujipendelea kidogo.

"Kumi na mbili," akasema. "Unalifanyaje gari hili?"

"Naliendesha tu."

"Mguu wako mzito."

Jumamosi akalichukua mwenyewe hadi mlimani, akafuta pale kileleni kama desturi yake, akateremka nalo hadi nyumbani, akamwita mkewe nje. Ishirini na mbili. "Gari lile lile," akamwambia, "mafuta yale yale. Kilichobadilika ni mguu." Aliyasema hayo kwa upole, kama mwalimu mvumilivu, na aliliamini kila neno. Mtu mwongo angalau unajua pa kumshika. Huyu hata akili ya kudanganya hakuwa nayo.

Mdogo wangu akaanza kuutibu mguu wake. Akavua viatu akawa anaendesha peku ili ausikie mkanyagio. Akapunguza mwendo mpaka malori yakampigia honi. Mlimani alikuwa anapanda taratibu hivi kwamba waendesha baiskeli walimpita, na alivyozidi kupunguza ndivyo alivyozidi kuchelewa. Saa mbili asubuhi wauguzi walikuwa wamepanga foleni na sampuli mikononi, na mkuu wa maabara bado yuko kwenye kona ya tatu, peku, anaongea na mguu wake. Ikaja barua ya onyo. Ikaja ya pili. Ya tatu, waliandika, cheo kinaondoka.

Haya yote nilikuwa nayasikia kwa vipande, kwenye simu. Kila kipande nilikiongeza kwenye deni la shemeji. Nilikuwa nasema bado kidogo, bado kidogo, ataumbuka. Miezi minne nikawa nasema hivyo.

Ijumaa moja mchana mdogo wangu alikuja ofisini kwangu. Ofisi yenyewe ni stoo, rafu za makopo upande mmoja na mawe ya mizani upande mwingine. Hakutafuta kiti. Alikaa juu ya sanduku la mawe, akavua kiatu cha kulia, akasugua unyayo. Pale chini ya kidole gumba ngozi ilikuwa imekakamaa, ina mistari ya mkanyagio.

"Dada, nimeamua," akasema. "Naandika barua nirudi kwenye benchi langu la zamani. Sina bahati na gari. Wengine tumeumbwa na mguu mzito."

Hakulia. Ningemwelewa kama angelia. Alisema kama mtu anayekupa majibu ya kipimo chake mwenyewe.

Hasira ilinipanda, nami nikaielekeza ilikozoea kwenda. "Usiandike chochote mpaka kesho," nikamwambia. "Kesho tunampima huyo mumeo."

Jumamosi nilifika kituoni na kopo langu. Shemeji alikubali mtihani bila kusita, tena alikuja na shati lililopigwa pasi. Masharti yalikuwa yangu. Tangi likajazwa mpaka shingoni. Usukani akashika yeye, mwenye mguu mwepesi. Madirisha tukafunga, kiyoyozi tukakizima, hata mkoba wangu nilimwachia mhudumu. Mimi nilikaa kiti cha mbele, mdogo wangu nyuma. Tukapanda, tukafika hospitali, tukageuza. Pale kileleni alipunguza mwendo, na kidole kikaanza safari ya kwenda kwenye kitufe. Nikamshika kifundo cha mkono.

"Shemeji. Kidole."

"Lakini kupanda si—"

"Kidole."

Tuliporudi kituoni nilijaza kopo langu lita ishirini hadi kwenye alama, tukawa tunamimina kwenye tangi kwa faneli polepole hadi likajaa. Yaliyobaki kwenye kopo nikayapima mbele ya kila mtu, mhudumu akiwa ameinama pembeni yangu. Gari lilikuwa limekunywa lita kumi na moja na pointi sita.

"Kumi na moja kwa lita," nikasema kwa sauti. "Kumi na moja na kidogo. Na mguu ulikuwa wako."

Alitazama kopo, akatazama skrini, akatazama magurudumu. Akasema tulikuwa watu wazima watatu. Akasema kulikuwa na upepo. Akasema chuma kikipata jua kinatanuka, huenda kopo langu limetanuka. Mhudumu akaangua kicheko, na safari hii hakuwa ananicheka mimi. Nilikuwa nimekisubiri miezi minne. Nilikinywa chote, na kikanilevya, maana hapo ndipo nilipoachia mdomo.

"Kopo limetanuka! Wewe bwana, ilikuwa kumi na moja tangu siku ya kwanza! Hapa hapa, pampu hii hii, hesabu niliipiga nimesimama hapa, wewe unanifukuza nikakague pampu zangu! Siku ile ile nilijua!"

Mdogo wangu alikuwa ameegemea mlango wa nyuma. Akasimama wima.

"Siku ile ipi?"

"Ile ya Jumapili. Tulipokwenda kuiona hospitali."

Alifikiri. Nilimwona anahesabu, na nikaona hesabu inakofika, nikatamani kuyarudisha maneno yangu, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

"Kabla ya karatasi ya nyumba," akasema.

"Mdogo wangu, huyu alinidhalilisha mbele ya watu. Nilitaka ajionee mwenyewe."

"Nilikuuliza. Ulikuwa umeshika kikombe, nikakuuliza."

"Nilitaka ajionee—"

"Nani amejionea, dada?"

Shemeji alikuwa amesimama kati yetu, mikono imemning'inia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na namba ya kusema. Mdogo wangu alimnyooshea kidole bila kumtazama.

"Huyu ni mjinga. Ujinga wake naujua, nalala nao. Miezi minne amenitukana mguu kwa sababu hakujua." Kisha akanitazama mimi. "Wewe ulijua."

Akamtoa mumewe kwenye njia kwa kiganja, kama unavyosogeza kiti, akaketi kwenye usukani na viatu vyake miguuni. Shemeji akazunguka upande wa pili, akaingia. Gari lilitoka kituoni kwa kishindo mpaka matairi yakalia.

Barua ya tatu ilikuja wiki mbili baadaye, kwa mtihani wangu au bila mtihani wangu. Mdogo wangu yuko kwenye benchi lake la zamani, anawasalimia kwa adabu vijana aliowafundisha. Shemeji siku hizi anawaambia watu kwamba gari lake linakwenda kumi na moja kwa lita, na kwamba kwa gari la aina ile hiyo ni nzuri sana. Anaisema kwa majivuno yale yale. Sina hata nguvu ya kumcheka.

Zamani nikienda kwao, mdogo wangu alikuwa ananipokea mlangoni na shikamoo, ananiita dada hata mbele ya wageni, utadhani nina mvi. Sasa nikienda bado ananikaribisha, bado ananipa chai. Ila anasema, "Karibu, Mkaguzi. Habari za kazi?" Kisha anaweka kikombe mbele yangu, anakaa kiti cha mbali, na hakuna kitu anachoniuliza.